Pterodactyl: seva ya gemu unaiendesha kwenye brauza tu

Kama una seva ya Minecraft na umechoka kufungua terminal kila mtu akilalamika lagi, hii paneli ijaribu, ni ya bure na source code yake iko wazi kwa wote. Unaingia na brauza, hata ya simu, konsoli inatiririka live, unaona nani kaingia nani katoka nani kajitumbukiza kwenye lava tena (huwa ni yuleyule), amri unaandika hapohapo bila mkwaju (/) mbele na inapita.

Kilichonikosha zaidi ni ruhusa, yaani mshkaji unampa kuwasha na kuzima tu, faili hagusi, kwa hiyo seva ikianguka usiku wa manane hawakuamshi. Ratiba nayo iko poa, unapanga iwatangazie wachezaji, isubiri dakika chache, ndo ijirestart.

Sasa kuinstall, hapo jasho litakutoka. Kuna paneli yenyewe inayotaka PHP na database, halafu kuna Wings, programu inayoendesha gemu ndani ya Docker (kila seva kwenye kontena lake), na hiyo ni Linux tu, Windows sahau. Ukiacha porti 8080 ya Wings imefungwa kwenye firewall paneli itafunguka fresh kabisa ila konsoli haiunganiki, na utahangaika kutafuta kosa sehemu nyingine kabisa. Kuedit server.properties (faili la mipangilio ya seva) kwenye brauza ni rahisi, ila world kubwa ipandishe kwa SFTP (njia salama ya kuhamisha faili), porti 2022. Na washa 2FA (kodi ya pili ya kuthibitisha ukiingia, juu ya paswedi), tafadhali, maana mwenye paswedi yako ana seva yako yote.