Uwanja wa Sokoine Mbeya na watoto wadogo: inategemea ni mechi gani

Wadau mnaouliza kama Sokoine panafaa kwenda na watoto, mimi nasema panafaa ila angalia nani anacheza. Timu za nyumbani, Tanzania Prisons au Mbeya City, wakikutana na timu ya kawaida nenda tu, unapata nafasi mtoto anazunguka unamwona, karanga na mayai ya kuchemsha vinapita hapo hapo, raha tupu. Ila Simba au Yanga wakija aisee mwache nyumbani, getini watu wanabanana mtoto anabaki kuona viuno tu, na mavuvuzela yanalia sikioni mpaka basi.

Wa kwangu ana miaka mitano, kipindi cha kwanza hakijafika nusu keshaacha mpira anapanga maganda ya karanga kwenye ngazi, goli likaingia watu wakaruka akaanza kulia, dakika mbili baadae ndo anashangilia kuliko baba yake hahaha. Lipia jukwaa lenye paa, jua la Mbeya linadanganya, na sweta usisahau maana jioni hasa Juni na Julai baridi haina utani. Choo amalizane nacho nyumbani. Chini ya miaka minne abaki kwa bibi.