Peptidi za kuzeeka vizuri: ipi ununue, ipi uache

Anayeuza peptidi hukuonyesha kwanza kifua cha mwanamume wa miaka hamsini na tano, kisha bei. Swali linalorukwa hapo katikati ni hili: je, kuna watu waliopewa kitu hiki, wengine wakapewa sindano isiyo na dawa, halafu matokeo yakalinganishwa? Hicho ndicho kigezo changu cha kwanza katika mpangilio huu. Cha pili ni wepesi wa kujua kilichomo ndani ya kichupa. Bei nimeiweka mwisho.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, kwa kawaida usiozidi hamsini hivi. Ukirefuka zaidi huitwa protini. Insulini, yenye asidi amino 51, imekaa mpakani, na imekuwa ikiokoa watu tangu 1922. Kwa hiyo anayesema peptidi zote ni uongo amekosea. Anayesema hazidhuru kwa kuwa ni za asili amekosea zaidi, maana hata sumu ya nyoka imejaa peptidi.

Nafasi ya kwanza, na hakuna inayoikaribia, ni dawa zilizosajiliwa ambazo daktari hukuandikia kwa tatizo linalojulikana. Semaglutidi, dawa ya kisukari na ya kupunguza uzito inayouzwa kama Ozempic na Wegovy, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 17,000 wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa moyo, wasio na kisukari. Matokeo yaliyotoka 2023 yalionyesha kwamba vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 20. Hakuna peptidi nyingine katika orodha hii yenye ushahidi wa namna hiyo. Lakini usiinunue kwa sababu jirani amepungua. Huleta kichefuchefu, kutapika na kufunga choo. Mafuta yakiondoka misuli nayo hupungua, na kwa mtu wa umri mkubwa misuli si kitu cha kuchezea. Ukiacha dawa, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Aliye mwembamba tayari haimhusu.

Katika nafasi hiyo hiyo naiweka teriparatidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa ugonjwa wa mifupa kuwa myepesi na kuvunjika ovyo. Huchomwa kila siku, kwa kawaida kwa muda usiozidi miaka miwili, na huujenga mfupa upya. Huioni kwenye matangazo ya ujana, ingawa kwa mama wa miaka sabini ambaye uti wa mgongo umeanza kuvunjika ina maana kuliko vichupa vyote vya urembo.

Ya pili ni krimu na seramu za ngozi, hasa zenye GHK-Cu, peptidi yenye madini ya shaba ambayo Loren Pickart aliitambua katika damu ya binadamu mwaka 1973. Faida yake ni ndogo, na hatari yake pia ni ndogo, ndiyo maana imepanda juu. Ila kama bado hupaki krimu ya kukinga jua, anza na hiyo.

Unga wa kolajeni nimeupa nafasi ya tatu. Tumbo huuvunjavunja kama protini nyingine yoyote. Baadhi ya majaribio yameonyesha ngozi kupata unyevu na mvutano kidogo, lakini mengi yamelipiwa na wanaouuza. Kama huli nguruwe, soma kibandiko, kwa sababu hutolewa kwa ng'ombe, samaki au nguruwe.

Nafasi ya nne ni vichochezi vya homoni ya ukuaji: sermorelini, CJC-1295, ipamorelini. Shauku hii ilianzia kwenye utafiti mdogo wa 1990 ambamo daktari Daniel Rudman aliwapa wanaume wazee 12 homoni yenyewe kwa miezi sita. Misuli iliongezeka, mafuta yakapungua, na biashara ikazaliwa. Kwamba wazee hao waliishi zaidi, utafiti haukusema. Homoni ikipanda, sukari ya damu inaweza kupanda nayo, viungo vikauma na miguu ikavimba. Na aliyewahi kupata saratani hana sababu ya kuzichochea seli zikue. Katika ukoo huu tesamorelini iliidhinishwa Marekani, mwaka 2010, kwa mafuta ya tumboni kwa watu wenye VVU. Hiyo si ruhusa kwa kila mwenye kitambi.

Ya tano ni BPC-157 na mwenzake TB-500, zinazosifiwa kwa kuponya kano na misuli. Kano zilizopona ni za panya. Kwa binadamu ushahidi ni haba mno, na tangu 2022 mwanariadha akikutwa na BPC-157 anakuwa amevunja kanuni za dawa haramu michezoni. Ya mwisho, melanotani II ya kuifanya ngozi iwe nyeusi, hubadilisha rangi ya mabaka ya ngozi hata daktari ashindwe kujua lipi ni la hatari. Usinunue.

Sasa kichupa chenyewe. Vingi vinavyouzwa mtandaoni vimeandikwa kuwa ni vya utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Maandishi hayo humlinda muuzaji, si wewe. Cheti kinachosema usafi ni asilimia 99 kinahusu peptidi tu. Hakisemi kama kuna vijidudu au sumu zake, ambavyo ndivyo hukuletea homa na jipu. Halafu kuna hesabu: unga wa miligramu 5 ukitiwa mililita 2 za maji, kila mililita ina miligramu 2.5, ukitiwa mililita 1, mstari ule ule wa sindano unabeba dozi maradufu. Watu hufanya hesabu hiyo jikoni, wakiangalia video.

Ukienda kliniki, uliza ni famasia gani imeandaa dawa, namba ya toleo lake ni ipi, na imehifadhiwa vipi njiani, kwani nyingi hutaka nyuzi 2 hadi 8. Uliza watapima nini kabla ya sindano ya kwanza. Wakianza kukuuzia kifurushi cha miezi sita kabla hawajakutoa hata tone la damu, mimi ningeagia pale pale mapokezi.