Banda la nje la chiriku kwa nchi za baridi: uwanja mzuri, kijumba cha kurekebishwa

Mabanda ya ndege yanayouzwa yakiwa vipande, ambayo mnunuzi huyaunganisha mwenyewe kwa skrubu na boliti, yamewavutia wafugaji wengi wa chiriku, na mara nyingi hutangazwa kuwa yanafaa kutumiwa mwaka mzima. Tathmini hii inahusu banda moja la aina hiyo, lenye uwanja wa kurukia wa urefu wa mita 3, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2, pamoja na kijumba cha mbao kilichounganishwa nyuma, ambamo ndege hulishwa na kulala. Nimelitumia kufugia chiriku wadogo wa aina mbalimbali mahali ambapo majira ya baridi ni marefu, mvua ni nyingi kuliko theluji, na upepo hauna adabu. Uamuzi wangu nautoa mapema kwa faida ya aliye karibu kununua: uwanja wa kurukia umetengenezwa kwa ustadi na unastahili sifa, lakini kijumba, ambacho ndicho kinachoamua kama ndege ataamka mzima, kimebuniwa kwa kufikiria hali ya hewa ya kiangazi peke yake, na mnunuzi ajiandae kukifanyia kazi kabla ya kuingiza ndege hata mmoja.

Nianze na uwanja. Wavu wake una matundu ya milimita 12, kipimo kinachomzuia chiriku mdogo kabisa asipenye wala kunasa kichwa, na waya wenyewe ni mnene kiasi kwamba paka akiuparamia haupindi. Umepakwa rangi nyeusi, jambo linaloonekana dogo hadi mtu asimame mbele yake: wavu mweusi haumeremeti, kwa hiyo jicho hupita moja kwa moja na kumwona ndege badala ya waya. Chini ya rangi hiyo waya umechovywa zinki ili usishike kutu, na kwenye kingo zilizokatwa, ambako rangi haikufika, nilikuta matone magumu ya zinki yakining'inia. Matone kama hayo ni hatari, kwa kuwa ndege huyadonoa na zinki ikizidi mwilini humtia sumu. Kingo hizo zinafaa kusuguliwa kwa brashi ngumu na siki, kisha zisuuzwe kwa maji mengi na kuachwa zikauke. Maelekezo yaliyokuja na banda hayakulitaja jambo hili, na yalipaswa kulitaja.

Milango ipo miwili, mmoja nyuma ya mwingine, na katikati pana nafasi ya mtu mmoja kusimama na ndoo yake. Wanaouza mabanda bila nafasi hiyo hupunguza bei kwa kumwachia mfugaji hasara, kwa sababu chiriku aliyeshtuka hupita juu ya bega la mtu kabla mlango haujafungwa, na akishatoka kwenye baridi kali harudi. Hapa mlango wa kwanza hufunguka kwa ndani na wa pili kwa nje, bawaba ni imara, na makomeo yanafikika kutoka pande zote mbili.

Kinachokosekana upande wa chini ni kinga dhidi ya panya. Matundu ya milimita 12 humzuia chiriku, lakini panya mdogo wa nyumbani hupita mahali penye uwazi wa milimita 6 au 7, na akishaingia hali mbegu tu, bali huzichafua kwa mkojo na kuwasumbua ndege usiku hadi wanaruka ovyo gizani na kujigonga. Nusu mita ya chini ya banda lote inahitaji wavu wa pili wenye matundu ya milimita 6. Wavu huo uingie ardhini hadi sentimita 30 hivi na kupindwa kuelekea nje, ili mnyama anayechimba aukute mbele yake kila anapojaribu. Afadhali zaidi ni kulisimamisha banda lote juu ya msingi wa zege, ambao huondoa tatizo la kuchimba na la unyevu kwa pamoja.

Paa la uwanja limefunikwa nusu kwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga, na nusu nyingine ni wavu mtupu. Mtengenezaji amefanya hivyo ili ndege wapate mvua ya kuogea, na ni kweli kwamba chiriku hufurahia manyunyu ya kiangazi. Katika nchi ya baridi, hata hivyo, ningemshauri kila mnunuzi alifunike paa lote. Ndege wa porini hutua juu ya banda, kinyesi chao huanguka ndani, na ndiyo njia mojawapo ambayo bakteria wa salmonela na vimelea vingine huwafikia ndege wa kufugwa. Kisha kuna suala la manyoya yenyewe. Chiriku hujikinga na baridi kwa kuyatutumua manyoya yake ili hewa iliyonaswa katikati yake ihifadhi joto la mwili, na manyoya yaliyolowa hayawezi tena kuishika hewa hiyo. Chiriku aliyezoea baridi hudhurika zaidi kwa mvua ya nyuzi 5 inayosukumwa na upepo kuliko kwa baridi kavu ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na jambo hili wauzaji wengi hawalisemi kwa sababu tangazo hutaja kipimajoto tu.

Sasa kijumba. Kwa macho kinapendeza: mbao zimepigwa randa vizuri, paa lina karatasi ya lami, na upande mmoja una dirisha dogo. Lakini dari lake liko chini ya dari la uwanja kwa karibu sentimita 25, na kosa hilo moja huharibu karibu kila kingine kilichofanywa vizuri. Jua linapoanza kuzama, chiriku huanza kupanda. Huruka kutoka fito hadi fito, kila mmoja akitafuta mahali pa juu kuliko pa mwenzake, na mwishowe hujipanga bega kwa bega kwenye fito ya juu kabisa wanayoiona. Katika banda hili fito hiyo iko uwanjani, chini ya wavu, upande unaopigwa na upepo. Utawaona wamekaa hapo, wawili wa mwisho wakisukumana kuingia katikati ya mstari, matone ya mvua yakiwa juu ya migongo yao, ilhali hatua mbili tu kutoka hapo kuna kijumba kikavu kilichotandazwa maranda, na hakuna hata mmoja anayekwenda kulala humo. Ndege hawana kosa. Wanafuata silka inayowaambia kwamba juu ndiko kuliko salama, na ni kazi ya mjenzi kuijua silka hiyo kabla ya kuchukua msumeno.

Marekebisho yapo na hayahitaji fundi. Fito zote za uwanjani zishushwe hadi usawa wa kifua cha mtu, na zile za kijumbani zipandishwe hadi ziwe chini kidogo ya dari, zote zikiwa za kimo kimoja ili pasiwe na ugomvi wa nani akae juu. Kisha iwekwe taa ndani ya kijumba inayowaka jioni kabla nje hakujawa giza, kwa kuwa chiriku wadogo hufuata mwanga, na kijumba kinachong'aa wakati uwanja unafifia huwavuta wenyewe. Baada ya hapo kitundu cha kupitia hufungwa kwa ubao unaovutwa na kamba kutoka nje. Ubao huo umo katika banda, na unateleza vizuri hata ukiwa umelowa.

Taa hiyo ina kazi kubwa kuliko kuwaita ndege. Chiriku-milia, yule mdogo wa Australia anayefugwa kila mahali, ana uzito wa gramu 12 hivi na joto la mwili linalozidi nyuzi 40. Kiwiliwili kidogo kiasi hicho hupoteza joto haraka, na joto hilo hurudishwa kwa chakula tu. Katika nchi zilizo mbali na ikweta usiku wa katikati ya majira ya baridi hufikia saa 16 au zaidi, na chiriku hali gizani. Mbegu alizojaza jioni kwenye gole, yaani mfuko wa chakula ulio kooni, ndizo zinazopaswa kumfikisha alfajiri, na asipofika huokotwa sakafuni asubuhi, mara nyingi akiwa hana dalili ya ugonjwa wowote. Taa yenye saa ya kuiwasha na kuizima, inayorefusha mchana hadi saa 12 au 13, huokoa maisha kuliko kifaa chochote cha kupasha joto, na inafaa izimike polepole ili ndege wawahi kutulia kwenye fito. Banda halina hata tundu la kupitisha waya wa umeme. Nililitoboa mwenyewe na kuuingiza waya ndani ya bomba la chuma ili panya asiutafune.

Kuta ni ubao mmoja wa milimita 12, bila kizuizi chochote cha baridi. Tabaka la povu gumu la milimita 25, likifunikwa kabisa kwa plaiwudi na kuzibwa kwenye kila ukingo, hubadilisha kijumba hiki kikawa kitu kingine. Povu lisiachwe wazi hata kidogo, kwani ndege hulidonoa na panya hujenga ndani yake. Kwa joto la ziada, kipasha joto cha bomba chenye wati chache, chenye kidhibiti joto na kilichozungushiwa wavu ili ndege asitue juu yake, kinatosha kwa nafasi hii. Majiko ya mafuta ya taa yasiingie humo hata kwa usiku mmoja, kwa sababu mapafu ya ndege hayavumilii moshi wake, na balbu za joto zilizopakwa utando ule unaowekwa kwenye kikaango kisichoshika chakula ni hatari vilevile, kwa kuwa utando huo ukipata moto mkali hutoa mvuke unaoua ndege upesi.

Matundu ya hewa yamewekwa mawili, yakitazamana, katika usawa uleule wa fito. Ndege aliyelala kati yake hupulizwa mgongoni usiku kucha. Wafugaji wengine huyaziba yote, na hilo nalo ni balaa, kwani pumzi na kinyesi hujaza kijumba unyevu, maji huonekana kwenye dirisha asubuhi, na kuvu hushamiri kwenye mbegu zilizomwagika hadi ndege wanapata maradhi ya njia ya hewa. Yale mawili niliyafunika, nikatoboa moja chini karibu na sakafu upande usiopigwa na upepo na jingine juu kabisa chini ya paa, yote yakiwa na wavu wa milimita 6, na tangu hapo kioo hubaki kikavu.

Fito zilizokuja na banda ni za plastiki laini na zote zina unene mmoja. Zitupwe. Matawi ya miti isiyo na sumu, yenye unene wa kati ya milimita 8 na 12, humruhusu chiriku kukunja vidole vyake vizuri na kuvifunika kwa manyoya ya tumbo, jambo linalovikinga na baridi kali.

Kuhusu aina za ndege, tangazo lilisema banda linawafaa chiriku wote, na hapo siwezi kukubaliana nalo. Kanari, pamoja na chiriku wa Ulaya waliozaliwa katika hali hiyo ya hewa, wataishi humo wakiwa na kijumba kikavu tu. Chiriku-milia na wale wa kufugwa waliotoka Japani watavumilia iwapo kijumba kimerekebishwa na hakigandi. Lakini chiriku wa Gould, yule wa rangi nyingi wa kaskazini mwa Australia, na wale wadogo wa Afrika wenye rangi ya samawati kifuani, wanahitaji kijumba chenye joto la uhakika, na wafugaji wengi wazoefu hawakubali lishuke chini ya nyuzi 15 kwa hao. Asiyeweza kuwapa joto hilo awatoe nje wakati wa kiangazi na kuwarudisha ndani usiku unapoanza kuwa baridi. Na ndege yeyote aliyenunuliwa kutoka chumba chenye joto asiwekwe nje majani yanapopukutika. Aingizwe bandani mwishoni mwa majira ya kuchipua, ili awe na miezi ya kuotesha manyoya mazito kadiri baridi inavyokuja taratibu.

Mtengenezaji ameongeza viota vinne vya mbao, vimekwisha kufungwa ukutani. Ni vizuri kwa miezi ya joto, lakini viondolewe kabla ya baridi, kwa kuwa chiriku-milia hutaga wakati wowote anapopata kiota na chakula, na jike anayetaga kwenye baridi yumo hatarini kukwamwa na yai, yaani yai kushindwa kutoka, hali inayoweza kumuua kwa siku moja. Skrubu zinazovishika viota hivyo hufunguka kwa mkono kutoka nje ya kijumba, bila kuingia na kuwashtua ndege, na hilo ni wazo jema ambalo sijaliona kwenye mabanda mengine ya aina hii.