Nauza leso kwa simu Mombasa: WhatsApp Business, tangazo la kulipia na yule fundi wa wafuasi

Niseme mapema ili mwenye haraka ajiendee zake: WhatsApp Business imeniuzia leso nyingi kuliko kitu chochote kingine nilichojaribu, na ni ya bure. Tangazo la kulipia la Facebook na Instagram lilinifaa baada ya mimi mwenyewe kulikosea mara mbili. Na mtu niliyempa kazi ya kunitafutia wafuasi alinila shilingi 18,000. Mwenye nafasi avute mkeka nimhadithie.

Mimi ni mtu wa Kibokoni, Mji wa Kale. Duka sijawahi kuwa nalo. Nilikuwa na meza kandokando ya Biashara Street, nachukua mzigo kwa jumla, napinda, nauza doti moja moja, yaani leso mbili zilizo pamoja. Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ikafunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona. Haingii mtu, hatoki mtu. Leso za Idd nilikuwa nimeshazinunua, zimejaa chini ya kitanda mpaka sina pa kuweka viatu. Binti wa dada yangu, yeye yuko Kisauni, akanipigia: "Khalati, usilie. Weka WhatsApp ya biashara, mimi nitakuelekeza."

Nikamwambia nitamuuzia nani na njia zimefungwa? Akacheka. "Hao mliofungiwa pamoja." Na kweli. Wateja wangu wa kwanza wa mtandaoni walikuwa watu wa vichochoro vya nyumbani kwangu, wengine tunasikilizana kwa madirisha. Wanaona picha kwenye simu, wananitumia pesa kwa M-Pesa, mwanangu anapeleka mlangoni. Hata Idd haijafika nilikuwa nimeuza doti 14. Si nyingi, lakini kwa mwezi ule zilikuwa ndizo chakula.

Tuje kwenye programu yenyewe. Namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na ile ya biashara kwa wakati mmoja, kwa hiyo nilinunua laini nyingine. Fanya hivyo hata kama unaona ni ubadhirifu. Kabla ya hapo, picha ya leso ilikuwa ikimfikia shemeji, mwalimu wa madrasa na fundi wa mabomba wote kwa pamoja. Ndani yake kuna katalogi: unaweka picha, bei na maelezo, mteja anafungua na kuchagua mwenyewe. Kuna lebo za rangi za kubandika kwenye mazungumzo, nani ameagiza, nani hajalipa, nani amelipa anangoja mzigo. Mimi zamani hesabu hizo nilikuwa nazo kwenye daftari, na daftari lilikuwa likinyweshwa chai. Kuna majibu ya haraka pia: unaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja, jibu zima linatoka. Mimi nimeweka la "Haichuji?" kwa sababu hakuna mama wa Pwani atakayenunua leso bila kuuliza kama inachuja rangi.

Ile salamu ya kujiendea yenyewe niliiandika vibaya mwanzoni. Niliweka maneno ya kizungumkuti, "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakuhudumia hivi punde." Bi mkubwa mmoja wa Bondeni akanitumia sauti: "Mwanangu, ni wewe au ni benki?" Nikaifuta siku ile ile. Sasa inasema, "Karibu mamangu, ni mimi mwenyewe, nikikawia nipo cherehani." Wateja wangu wakubwa kwa umri hawaandiki, wanatuma sauti, nami nawajibu kwa sauti. Ukimwandikia mtu aliyekutumia sauti anaona umemdharau.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Orodha ya kutumia watu ujumbe mmoja kwa mpigo inachukua watu 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Stetasi nayo ni hivyo hivyo: asiyekuwa na namba yako haioni, na baada ya saa 24 imekwenda. Nilikaa miezi nikidhani watu 200 wananisoma, kumbe ni 30. Siku hizi kila leso ninayofunga naweka kikaratasi ndani: "Nihifadhi kwa jina Leso Kibokoni, uone mzigo mpya kabla ya mtaa." Lile "kabla ya mtaa" ndilo linalofanya kazi. Mtu yuko radhi akose chakula lakini si jirani amtangulie leso.

Picha. Leso ina pindo la ukingoni, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na mteja anataka kuviona vyote vitatu. Nilikuwa napiga picha za leso zimekunjwa vizuri kama za dukani, watu wananiuliza "Jina lasemaje?" mpaka vidole vinauma. Sasa naitandaza yote sebuleni karibu na dirisha, saa mbili au saa tatu asubuhi. Usipige usiku chini ya taa, nyekundu inageuka kuwa rangi ya chungwa na mzigo unarudishwa. Picha ya pili nasogea kwenye jina peke yake. Bei naiandika juu ya picha. Mambo ya "bei njoo inboksi" mimi siyataki. Mtu akiona bei imefichwa anajua ama ni ghali ama utampima uso.

Na hilo jina ndilo tangazo lenyewe. Wenzangu wanaouza viatu au sufuria wanahangaika watunge maneno ya kuweka chini ya picha. Leso inakuja na maneno yake. Sisi watu wa Pwani tulikuwa tukitumiana ujumbe kwa leso kabla simu za mkononi hazijazaliwa. Nikiweka "Japo sipati tamaa sikati" usiku baada ya tarawehe, majibu yanakuja mpaka daku.

Lakini lina hatari yake. Siku moja mzigo uliingia, wa kwanza kuutandaza ukawa "Hasidi hana sababu". Nikauweka kwenye stetasi, nikaenda zangu kupika. Niliporudi kwenye simu, jirani yangu, ambaye wiki ile tulikuwa tumepishana kidogo kwa mambo ya maji ya kisima, ameandika: "Nimeiona. Na aliyekutuma mwambie nimeiona." Nikapiga simu haraka, nikamwapia kwamba ni biashara. Hakuniamini. Jioni wakaja wanawake wawili wengine, kila mmoja ameguswa na ile ile leso, kila mmoja anajua imeandikwa kwa ajili yake. Mmoja wao aliinunua palepale. Alisema anayo mtu wa kumvalia.

Tangu hapo natanguliza maneno: "Mzigo mpya, sina ugomvi na mtu." Watu wanacheka, wanapelekeana, na ile stetasi inatazamwa kuliko nyingine zote. Chini ya stetasi kuna orodha ya waliotazama, na hiyo mimi naisoma kama gazeti. Kuna mama mmoja wa Tudor alitazama kila siku kwa miezi mitatu bila kuandika hata salamu. Nilishamhesabu kuwa ni mpita njia. Siku alipoandika, alitaka doti 40, sare ya harusi ya mwanawe, zote jina moja. Alikuwa akinipeleleza kama sitoweki.

Sasa huyo wa 18,000. Sitamtaja, na hata nikimtaja atakuwa ameshabadilisha jina. Alijitambulisha kuwa ni mtaalamu wa masoko ya mtandaoni, akaniahidi wafuasi elfu nne wa Instagram kwa miezi mitatu. Wafuasi walikuja, tena mapema. Nikafurahi, nikawaonyesha watu. Mauzo hayakusogea hata kwa doti moja. Ni binti wa dada yangu tena aliyefungua sehemu ya takwimu za akaunti, pale inapoonyesha wafuasi wako wanakaa miji gani. Mombasa haikuwemo kwenye mitano ya juu. Hata Kenya haikuwemo. Nilikuwa na wafuasi kutoka miji ambayo nimeisikia kwenye taarifa ya habari tu, majina ya herufi na namba, hakuna hata mmoja ajuaye leso ni nguo ya kujifunga au ya kupigia deki. Nilipomuuliza alinijibu, "Dada, mimi niliahidi wafuasi, sikuahidi wanunuzi." Katika hilo hakusema uongo. Ukitaka kumpa mtu kazi kama hii, mlipe kwa watu waliokuandikia kuulizia bidhaa, na namba yako ya siri ya akaunti asiishike. Yangu nilimpa, nikalazimika kubadilisha kila kitu.

Tangazo la kulipia ni jambo jingine kabisa, msilichanganye na huyo bwana. Kwanza utahitaji kadi ya kulipia. Mimi sina ya benki, nilitengeneza ile kadi ya Visa iliyo ndani ya M-Pesa, GlobalPay, iliyoanza 2022. Na kiasi unachopanga kinaongezewa VAT, kodi ya serikali, ya asilimia 16, uihesabu toka mwanzo.

La kwanza nililifanya kwa pupa. Nilibofya kitufe chini ya picha, nikachagua Kenya nzima, lengo nikaliacha kuwa watu watembelee ukurasa. Shilingi 1,500. Walitembelea kweli, wakaacha mioyo, na mwanamume mmoja akaniuliza kama nimeolewa. La pili nikabadilisha lengo liwe kutuma ujumbe, lakini picha haikuwa na bei. Watu 63 wakaniandikia "Bei?" na nikiwajibu wanapotea. Simu haikupumzika, pesa hakuna. Yote mawili makosa ni yangu: mashine inakuletea kile ulichoiomba.

La tatu nilikaa nikafikiri. Bei kwenye picha. Wanawake, miaka 28 kwenda juu. Mombasa na viunga vyake, pamoja na Nairobi, kwa sababu Nairobi kuna watu wa Pwani wenye harusi. Lengo, wanibonyeze waingie moja kwa moja kwenye WhatsApp. Shilingi 2,000, na VAT ikawa 2,320. Waliniandikia watu 31, wakanunua 11. Kumi kati yao walichukua doti 13 jumla, wa kumi na moja akachukua sare ya doti 25. Faida yangu kwa doti ni shilingi 150 hivi. Piga hesabu: doti 38 ni 5,700, toa gharama ya tangazo, nilibaki na 3,380. Lakini ukiiondoa ile sare, doti 13 zingeniletea 1,950 na ningekuwa nimekula hasara. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyana. Tangazo kwa bidhaa ya faida ndogo halijilipi kwa mteja wa siku moja. Langu lilijilipa hata bila ile sare kwa sababu wale kumi walipata kikaratasi changu, na sita kati yao wamesharudi bila mimi kulipia chochote. Kwa hiyo mimi nalipia mara mbili tu kwa mwaka, kabla ya Idd na msimu wa harusi unapokaribia. Siku nyingine stetasi inatosha.

Jambo la pesa nilitaje kidogo. Mteja akikutumia picha ya ujumbe wa malipo, usiiangalie. Angalia Till yako mwenyewe, ile namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara. Mimi nilimfungia mtu doti tatu za kupelekwa Likoni, boda ameshavuka feri, ndipo nikagundua ule ujumbe ulitungwa. Jina langu lilikuwa sawa, kiasi sawa, pesa hakuna. Boda alirudi na mzigo kwa bahati tu, kwa kuwa mwenyewe aliyeagiza alizima simu mapema mno. Nauli ya kwenda na kurudi ikawa yangu. Mizigo ya mbali naipeleka mwenyewe Mwembe Tayari kwenye mabasi, napiga picha risiti, namtumia mteja kabla basi halijaondoka.

Je, meza nimeiacha? Hapana. Nipo pale asubuhi tatu kwa wiki, maana kuna watu lazima waishike leso, waivute, wainuse. Lakini wengi wanaokuja wananionyesha simu: "Nataka hii uliyoweka jana."

Jirani wa kisima tulipatana zamani. Yumo kwenye orodha yangu ya watu 256, na kila mzigo ukiingia ni wa kwanza kuutazama. Jana ameniandikia kwa siri, anauliza kama kuna leso yoyote iliyobaki yenye jina la kumjibu wifi yake. Nimemwambia asubiri Alhamisi.