Projekta ya leza ya bei ya kati: balbu imeondoka, kazi imebaki

Ninayoitumia ni ya chipu moja ya DLP, yaani chipu ya vioo vidogo sana vinavyorusha mwanga, ya inchi 0.47. Inatoa picha ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160), na boksi lake linadai lumeni 3,000, kipimo cha jumla ya mwanga wake. Imefungwa darini ikimulika pazia la inchi 100, na kaunta yake imeshavuka saa 3,000. Kampuni siitaji, kwa sababu karibu yote haya utayakuta kwenye mashine nyingine za daraja hili.

Tuanze na leza, maana ndiyo inayotangazwa. Ndani kuna diodi za buluu zinazopiga gurudumu lililopakwa fosfori, kemikali inayong'aa ikipigwa na mwanga. Fosfori hutoa mwanga wa njano, na humo ndimo zinamotoka nyekundu na kijani. Balbu ya zebaki ya projekta za zamani huishi saa 3,000 hadi 5,000 hivi, na hufifia mapema kabla ya kufa. Leza hutajwa kwa saa 20,000, yaani muda wa mwanga kushuka hadi nusu. Siyo kwamba siku hiyo inazimika. Ukitazama saa nne kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 13. Kabla hujafika huko kitakuwa kimekufa kitu kingine: feni, mota ya gurudumu, saketi ya umeme au chipu yenyewe. Ndiyo maana saa za leza hazinisumbui. Kinachonisumbua ni joto, nami nitalirudia.

Hiyo 4K nayo ina maelezo yake. Chipu ina vioo 1920 kwa 1080 tu, ila picha husogezwa kidogo sana mara nne ndani ya kila fremu ili zipatikane pikseli zote. Si udanganyifu, maandishi madogo yanasomeka vizuri. Tatizo la DLP ya chipu moja ni jingine: rangi hutolewa kwa zamu, na baadhi ya watu huona michirizi ya upinde wa mvua. Kabla ya kulipa, weka maandishi meupe juu ya weusi, kisha pepesa macho haraka kutoka kona hadi kona. Ukiiona michirizi hiyo na ikakukera, tafuta ya 3LCD, ambayo hutoa rangi zote tatu kwa pamoja, kwani hakuna mpangilio wa menyu utakaoiondoa.

Mahali pa kuifunga ndipo wengi wanapoharibu kila kitu. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Uwiano wa lenzi yangu, yaani umbali ukigawanywa kwa upana wa picha, ni 1.15 hadi 1.5; zidisha kwa upana, unapata sentimita 254 hadi 332 kutoka lenzi hadi pazia. Chagua upande wa karibu ukiweza, maana lenzi ikivutwa hadi mwisho wa zumu hupitisha mwanga mdogo. Kisha angalia kimo. Yangu haina gurudumu la kuhamisha lenzi juu na chini, na imeundwa kurusha picha juu kuliko ilipokaa: ikiwekwa mezani, ukingo wa chini wa picha huwa juu ya lenzi kwa asilimia 10 ya kimo, kama sentimita 12. Ukiigeuza na kuifunga darini, lenzi lazima iwe sentimita 12 juu ya ukingo wa juu wa picha. Pima hili kwa futi na penseli kabla ya kutoboa tundu hata moja. Dari likiwa refu, nunua mabano yenye bomba la kushushia, usiinamishe mashine.

Ukiinamisha, utalazimika kutumia kistoni, yaani marekebisho ya menyu ya kunyoosha picha iliyokwenda upande, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Kistoni hainyooshi mwanga. Inabana picha ndani ya chipu, kwa hiyo pikseli unazitupa. Fungua picha ya majaribio yenye mistari myembamba ya pikseli moja: kistoni ikiwa sifuri mistari inasimama wima na safi, ukipanda hata nukta tatu, inaanza kufanya mawimbi. Tena ile sehemu iliyokatwa haizimiki. Kwenye tukio la usiku utaona ukanda wa kijivu nje ya picha, umekaa ukutani kama kivuli cha shuka. Wacheza gemu wana sababu ya ziada ya kuiacha, maana mashine nyingi hukataa hali ya gemu ya haraka kistoni ikiwa imewashwa. Zima na kistoni ya kujirekebisha yenyewe, la sivyo itaanza kuhangaika kila mtu anapogusa meza.

Fokasi irekebishe baada ya nusu saa ya kuwaka. Lenzi ikipata joto fokasi husogea, na ukiipanga ikiwa baridi utamaliza filamu ukiyashuku macho yako.

Kuhusu lumeni, usiliamini boksi, pima. Chukua kipimamwanga, onyesha picha nyeupe tupu, gawa pazia visanduku tisa, pima katikati ya kila kimoja, tafuta wastani wa lukisi (mwanga unaoangukia kila mita ya mraba), kisha zidisha kwa eneo la picha kwa mita za mraba. Kwangu, hali ya sinema ilitoa wastani wa lukisi 600 kwenye mita 2.76 za mraba: lumeni 1,650 hivi. Zile 3,000 hupatikana katika hali ya mwangaza mkubwa, ambamo ngozi za watu zina ukijani wa ugonjwa. Wala sioni kama nimepunjwa. Lukisi 600 kwenye pazia la kawaida ni kama kandela 190 kwa mita ya mraba, kipimo cha mng'ao unaoufikia jicho, na ukumbi wa sinema hulenga 48. Kwenye chumba chenye giza nimeshusha leza hadi asilimia 60 na feni imetulia.

HDR, yaani video yenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, ni hadithi nyingine. Filamu hizo hutengenezwa kwa kandela 1,000 na zaidi, kwa hiyo projekta lazima ibane mwanga, na za daraja hili hubana vibaya: picha inaingia giza, nyuso zinafifia. Jaribu tukio lilelile kwa HDR na bila HDR. Mara nyingi mimi huizima kwenye kifaa kinachocheza filamu, na sioni haya.

Weusi ndio udhaifu mkubwa, na sitaupamba. Boksi linasema kontrasti, yaani tofauti ya weupe na weusi, ni milioni kwa moja. Hiyo ni leza ikizimwa kabisa skrini ikiwa tupu. Leza ikiwaka kwa kiwango kilekile, chipu hizi ziko kwenye elfu moja kwa moja hivi. Leza inayojipunguza yenyewe husaidia kiasi, lakini katika majina ya mwisho wa filamu utaona picha ikipumua, inang'aa na kufifia. Mimi nimeiweka kiwango cha chini. Dari na kuta zilizo karibu na pazia zipake rangi nzito isiyong'aa, walau mita moja na nusu kutoka kwenye pazia. Hilo linaongeza weusi kuliko kipengele chochote cha menyu. Na usidanganyike kununua lile pazia maalumu la projekta za kuwekwa chini ya ukuta: limeundwa kuukataa mwanga wa juu, na mashine yako iko huko huko juu.

Spika ya ndani isahau. Kebo ya HDMI ikizidi mita tano au sita, tumia ya nyuzi za mwanga, na kumbuka ina mwelekeo: upande ulioandikwa Source uende kwenye kifaa, Display kwenye projekta. Ukiigeuza hupati kitu, na kuivuta upya darini ni adhabu.

Sasa joto. Acha angalau sentimita 30 pande zenye matundu, na usiifungie kabatini. Ukiwa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, washa hali ya mwinuko hata kama feni itapiga kelele, kwa sababu hewa nyepesi haipozi vizuri. Vioo vya chipu vikichoshwa na joto hukwama, na dalili yake ni kidoti cheupe chenye makali. Leo kimoja, baadaye vitano, halafu mbingu ya nyota. Dawa ni kubadilisha chipu. Vumbi ni tofauti: ni doa la mviringo lenye ukungu, na hubadilika ukizungusha fokasi. Yangu haina kichujio, kwa hiyo naizima, naiacha ipoe, nazuia panga za feni kwa kijiti zisizunguke, ndipo napuliza matundu.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na kaunta ya saa. Iache iwake saa nzima, onyesha picha nyeusi tupu uhesabu vidoti, kisha nyeupe tupu utafute madoa, halafu zima sauti usikilize. Mlio mwembamba unaopanda kama wa mbu ni beringi ya gurudumu inayoelekea kufa. Hiyo iache.