UPS ya Kununua Kompyuta Inapojizima na Kujiwasha: Soma Umri wa Betri Kwanza

Ujumbe unaonifikia siku hizi ni ule ule: "Dada, kompyuta ilikuwa inajizima na kuwaka yenyewe, nikaambiwa ninunue UPS, nimenunua, sasa ndiyo imezidi." Anayesema imezidi hasemi uongo, wala hajalogwa. UPS, kile kifaa chenye betri ya kuilisha kompyuta umeme ukikatika, hata ikiwa mpya inaweza kabisa kuifanya kompyuta ijizime mara nyingi kuliko ilipokuwa imechomekwa ukutani moja kwa moja. Chanzo hakiandikwi kwenye boksi na muuzaji hatakigusa: betri iliyozeekea dukani.

Kwa hiyo sitahangaika hapa na idadi ya soketi, wala kioo kinachoonyesha asilimia, wala kelele ya feni. Hayo utayaona mwenyewe.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha ugonjwa ni umeme. Kwenye Windows fungua Event Viewer, ingia sehemu ya System, tafuta Kernel-Power namba 41. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuzimwa kwa utaratibu, mhalifu haimtaji. Lakini ukifungua maelezo yake ukakuta BugcheckCode ni 0, na skrini ya bluu hukuiona, mashaka yanaangukia kwenye umeme, pawa saplai (kile kisanduku ndani ya kompyuta kinachopokea umeme wa ukutani) au joto. Kama skrini ya bluu ipo, rudisha pochi mfukoni: hapo chunguza RAM, draiva au diski, mambo ambayo UPS haiyatibu. Ikizimika ukicheza gemu tu, hata umeme ukiwa umetulia, safisha vumbi kisha ruka hadi namba 3 ya orodha iliyo hapa chini. Ikizimika friji linapostuka, jirani anapochomelea geti, au taa zinapofifia saa moja jioni mtaa mzima ukiwa nyumbani, basi tuko pamoja.

Pawa saplai yenye afya hutunza akiba ndogo kwenye kapasita zake, ya kuhimili kama milisekunde 16 pasipo umeme wowote kutoka ukutani. UPS za kawaida za nyumbani huhama kutoka umeme wa TANESCO kwenda kwenye betri kwa milisekunde 6 hadi 10. Hesabu inakubali, kompyuta haijui kilichotokea. Sasa betri iwe imekufa. Umeme unashuka, pengine kwa kiwango ambacho pawa saplai ya kisasa, ile iliyoandikwa 100-240V, ingekimeza bila kutikisika. UPS inaona hatari, inaachana na ukuta, inaegemea betri, na betri inazimia palepale. Kompyuta chini. Bila UPS ingeendelea kuwaka. Huyo ni mlinzi uliyemwajiri mwenyewe, anayemfungulia mwizi mlango.

Betri zenyewe ni za risasi, zile zilizozibwa, na kwenye UPS ndogo mara nyingi ni moja ya 12V 7Ah (volti 12, ujazo wa ampea-saa 7). Hata ikilala ndani ya boksi inajimaliza chaji polepole, na joto linaiharakisha. Watengenezaji hushauri zilizoko stoo zichajiwe upya kila miezi sita hivi. Niambie nani Kariakoo anafungua maboksi kila miezi sita kuchaji UPS za kuuza. Stoo ya bati, mwezi Machi, Dar es Salaam! Ikikaa tupu muda mrefu, sulfeti hugandamana kwenye sahani zake na chaji haiingii tena kama zamani. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hukatika karibu nusu.

Namba 1: APC Back-UPS, familia ya BX

Naipendelea na sioni haya. Ina rekebisho la volti ndani, kwa hiyo umeme ukishuka inaupandisha bila kuigusa betri mpaka hali iwe mbaya kweli. Lakini kilichonifunga kwake ni serial namba iliyobandikwa nje ya boksi. Alama mbili za mwanzo ni za kiwanda, ya tatu na ya nne ni mwaka, ya tano na ya sita ni wiki. Ukikuta inaanza na 9B2314, imetoka kiwandani wiki ya 14 ya mwaka 2023. Unasoma ukiwa umesimama kaunta, huhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kufungua chochote. Mimi sivuki mwaka mmoja. Ikizidi hapo, natafuta duka jingine, au tunapatana waniwekee betri mpya kwa bei ile ile.

Kwa kompyuta ya ofisi na monita yake, BX650LI inatosha: 650VA, ambazo kwa wati ni 325. Usiichanganye VA na wati, kwani wati ndizo zinazoonyesha mzigo halisi inaoweza kuubeba, na kuna wauzaji wanaokutajia ile kubwa na kunyamaza. Mwenye kadi kubwa ya picha aende BX1100LI, wati 550.

Sasa niseme la moyoni kuhusu kaunta zenyewe. Ukiuliza tarehe unaambiwa, "Dada, hii siyo maziwa, haiharibiki." Ukiuliza gerentii unapewa ya mwaka, kisha chini kwa maandishi madogo: betri haihusiki. Betri ndiyo UPS! Ukiitoa unabaki na ekstensheni nzito ya bei mbaya. Halafu unatajiwa bei mbili, ya risiti na isiyo na risiti. Unachagua ya chini kwa sababu maisha ni magumu. Wiki tatu baadaye unarudi na mzigo umekufa, unaulizwa risiti iko wapi. Chukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Na boksi ambalo stika ya namba imebanduliwa usilinunue hata upewe na soda juu.

Namba 2: Betri mpya kwenye UPS uliyonayo

Kama UPS yako ilikuwa nzuri na ina miaka mitatu minne, huenda hii ndiyo suluhisho lako kamili, ila madukani hawakuambii kwa sababu faida yake ni ndogo. Fungua, soma maandishi ya betri, nunua yenye volti, Ah na vipimo vile vile. Nenda kwa wanaofunga alamu na mageti ya umeme, kwani nao hutumia 12V 7Ah na mzigo wao unatembea haraka, haukai ukachina. Mwambie aipime kwa mita mbele yako. Iliyopumzika ikisoma 12.6V au zaidi, chukua; ikiwa chini ya 12, iache hata akiapa. Nyekundu irudi kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kisha ichaji usiku kucha kabla hujaitegemea.

Jaribio ni rahisi. Hifadhi kazi zako, funga kila kitu, chomoa UPS ukutani kompyuta ikiwa inawaka. Ikibaki inawaka kwa dakika kadhaa, umenunua vizuri. Ikizima papo hapo na betri ni nzima, huenda kapasita za pawa saplai zimechoka na haziwezi kungoja hata hizo milisekunde 10.

Namba 3: Pawa saplai

Hapa wengi wanaumia kwa sababu ya kompyuta za mtumba. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020, ambazo zimejaa mitaani, hutumia plagi kuu ya pini 8 badala ya pini 24 za kawaida. Unanunua pawa saplai nzuri mpya, unafika nyumbani, haiingii, na duka limeandika ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Chomoa ya zamani uende nayo mkononi.

Kwa kasha la kawaida ningechukua Corsair CX au Seasonic. Kwingine kote soma stika, tafuta laini ya +12V, zidisha ampea kwa 12. Nimeona stika yenye "500W" kwa maandishi manene huku laini hiyo ikiwa na ampea 14. Hiyo ni wati 168, na prosesa pamoja na kadi ya picha hulishwa kutoka hapo hapo.

Namba 4: UPS za bei chee

Majina yake hubadilika kila kontena likifika, na umri wa betri hauna pa kuusoma. Kama mfuko unasema hivyo, nunua, kisha tenga hela ya betri ya namba 2.

Namba 5: Stabilaiza

Inasaidia kwenye umeme unaopanda na kushuka, haina betri, umeme ukikatika imekatika nayo. Kwa pawa saplai ya zamani, yenye swichi nyekundu ya 115/230 nyuma, ina kazi. Kwa ile ya 100-240V sioni unachonunua.

Na friji gadi, ile mnayotaka kuichomekea kompyuta kwa kuwa iko tayari nyumbani, muiache kwenye friji. Kazi yake ni kukata umeme ukishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha.