Unga wa lishe wa Dodoma mezani kwa mama aliyetoka kwenye kisukari cha mimba

Pita Soko la Majengo au Sabasaba asubuhi, karibu kila duka la nafaka lina mfuko wake wa unga wa lishe: nafaka tano, saba, hata kumi na mbili ndani ya unga mmoja. Muuzaji akisikia nyumbani kuna mzazi, kilo mbili zimeshapimwa. Tumeutazama unga huu kwa jicho moja tu: je, unamfaa mama ambaye wakati wa ujauzito aliambiwa sukari yake imepanda?

Ukipikwa uji laini, ukatiwa sukari na kunywewa vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, haumfai. Unaweza kurekebishwa, na tutaeleza namna. Lakini kwa anayeishi mkoa huu, fedha ya mfuko huo inanunua kitu kinachomfaa zaidi, tena kinacholimwa hapa hapa: uwele na mtama.

Kwanza tuuelewe unga wenyewe. Unga wa lishe ni chakula cha mtoto aliyeanza kula. Tumbo lake ni dogo, anahitaji nguvu nyingi kwenye vijiko vichache, ndiyo maana nafaka huchanganywa na soya na karanga, husagwa laini kabisa na kupikwa mpaka uive sana. Kwa mtoto anayepungua uzito, sifa zote hizo ni njema. Kwa mama ambaye kongosho lake, kiungo kinachotoa insulini ya kushusha sukari, lilizidiwa miezi michache iliyopita, sifa hizo hizo ndizo tatizo. Unga laini uliochemka muda mrefu humeng'enywa haraka, uji mwepesi hautulii tumboni, na sukari hupanda kwenye damu kabla insulini haijatosha.

Tupige hesabu. Kikombe cha uji cha mililita 300 huwa na unga wa gramu 30 hadi 40, yaani wanga wa gramu 22 hadi 30 hivi. Vijiko vinne vya chai vya sukari kwa kila kikombe vinaongeza gramu 16 hadi 20. Vikombe viwili, basi, vinaleta gramu 76 hadi 100 za wanga kwa mkao mmoja, nao wanga huo unafika kwenye damu kwa pamoja. Ongeza mtori wa ndizi saa nne na chai ya maziwa yenye sukari saa kumi, na huo ndio utaratibu wa kawaida wa siku arobaini za uzazi. Wanaomhudumia mzazi hivyo wanafanya kwa upendo, wala hatuwalaumu. Uji wa pilipili manga nao hauna kosa kwa pilipili yake. Kosa lipo kwenye sukari na wingi.

Kwa nini tunashikilia jambo hili hata baada ya mtoto kuzaliwa na sukari kushuka? Kwa sababu mama aliyepata kisukari cha mimba ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye mara saba hadi kumi zaidi ya mama ambaye hakukipata. Sukari kurudi kawaida wiki ya kwanza hakumaanishi kwamba jambo limekwisha. Habari njema ni kwamba njia ya kuzuia inajulikana: kupunguza uzito kwa asilimia 5 hadi 7 kama umezidi, kutembea au kufanya kazi ya kutoa jasho dakika 150 kwa wiki, na kunyonyesha. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba na wakafuata mpango wa chakula na mazoezi walipunguza hatari hiyo kwa karibu nusu ndani ya miaka mitatu. Unga uliomo jikoni unatumika kila siku, ndiyo maana tunaanzia hapo.

Sasa turudi dukani. Mfuko uliofungwa kiwandani uwe na alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe ya kusagwa, tarehe ya mwisho na orodha ya vilivyomo. Orodha husomwa kuanzia juu, kwani kilichotangulia ndicho kingi. Ukikuta mahindi, mchele na ngano vimetangulia, na ulezi, uwele na soya vinafuata mkiani, umenunua sembe yenye jina zuri. Idadi ya nafaka haisemi chochote kuhusu ubora. Nafaka mbili zilizosagwa na maganda yake zinazipita kumi zilizokobolewa.

Unga unaopimwa kwenye gunia lililo wazi una mitego mitatu. Wa kwanza ni soya mbichi. Soya isiyopitishwa kwenye moto ina viambata vinavyozuia protini kumeng'enywa, na mlaji huishia na tumbo kujaa gesi. Chukua chembe ya unga uiguse ulimini: harufu ya maharage mabichi na uchungu kidogo ni dalili kwamba soya haikuchemshwa wala kukaangwa kabla ya kusagwa. Wa pili ni karanga. Zikishasagwa pamoja na unga, mafuta yake huchacha upesi kwenye joto letu la Oktoba na Novemba, na huwezi tena kuziona zile zilizosinyaa au zenye ukungu ukazitoa. Nunua karanga pekee, zichambue moja moja, zikaange na kuzitwanga, kisha uziweke kwenye chakula wakati wa kupika.

Mtego wa tatu ndio mzito: sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii ya ukungu. Kupika hakuiondoi. Na kwa mama anayenyonyesha kuna la ziada, kwani sehemu ya sumu hiyo hupita kwenye maziwa na kumfikia mtoto. Hapa lazima tuwe wakweli kuhusu dona, maana ushauri wa kula dona badala ya sembe umekuwa wimbo. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, ndiyo, lakini sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini cha punje. Mahindi yakiwa mabaya, dona yake ni mbaya kuliko sembe yake. Kwa hiyo usinunue dona iliyokwisha kusagwa usiyojua imetoka wapi. Nunua mahindi ya punje, toa zilizopasuka, zenye rangi ya kijani au nyeusi na zilizoliwa na wadudu, kisha upeleke mashineni mwenyewe. Uwele na mtama kwa kawaida huathirika kidogo kuliko mahindi, na hiyo ni alama nyingine kwa upande wake.

Tukija kwenye uwele wenyewe: kwa mama huyu ndio tunaoupa nafasi ya kwanza. Una protini na nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, una madini ya chuma, na ugali wake hushibisha kwa kiasi kidogo. Wagogo wameusonga vizazi na vizazi na kuula kwa mlenda, na mlo huo ungebuniwa leo na mtaalamu wa lishe tungeusifu. Ute wa mlenda ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka. Zinapunguza kasi ya wanga kuingia kwenye damu. Kasoro yake jikoni ni magadi. Yanaongeza chumvi mwilini, jambo baya kwa mama ambaye shinikizo la damu lilipanda pia, na yanaharibu baadhi ya vitamini za mboga. Mlenda unaiva bila magadi. Unahitaji tu muda zaidi kidogo na nyanya chache.

Uwele una shida zake, na mnunuzi azijue. Mara nyingi hupurwa chini, hivyo una mchanga. Pepeta, kisha osha kwa maji mara tatu ukiinua punje juu na kuacha mchanga utulie chini ya sufuria, halafu anika juu ya turubai safi mpaka punje ivunjike kwa jino bila kunata. Ukipeleka mashineni ukiwa na unyevu, unga utaota ukungu. Mwambie msagaji asikoboe na aweke chekeche la matundu makubwa. Unga wenye chembechembe humeng'enywa polepole kuliko ulio kama poda. Kama mteja aliyetangulia alikuwa na ngano au sembe, acha kilo ya kwanza inayotoka itumike kwa wengine nyumbani.

Kosa linalowafanya wengi wauchukie uwele ni kusaga debe zima. Unga wake una mafuta mengi, na baada ya siku tano hadi saba kwenye joto huanza kunuka na kuwa mchungu. Wanasema uwele ni mchungu, kumbe unga umechacha. Saga kilo mbili au tatu za wiki moja, weka kwenye chombo chenye mfuniko, mahali pa baridi. Punje zenyewe zinakaa miezi bila shida.

Familia iliyozoea sembe nyeupe isilazimishwe kwa siku moja. Wiki ya kwanza changanya uwele kilo moja na dona kilo mbili, wiki ya pili nusu kwa nusu, kisha geuza. Ugali wa uwele hushika haraka, kwa hiyo anza na maji mengi kidogo kuliko ya sembe, koroga uji wa mwanzo usiwe na madonge, ongeza unga kidogo kidogo na songa mpaka uwe mgumu. Kipande cha ukubwa wa ngumi ya mama mwenyewe, kama gramu 180, kina wanga wa gramu 45 hadi 50. Hicho kinatosha kwa mlo mmoja. Nusu ya sahani iwe mlenda, mchicha au majani ya kunde. Robo iliyobaki iwe kunde, choroko, njugu mawe, yai, dagaa au kuku. Anayenyonyesha anahitaji nguvu zaidi ya kawaida, kiasi cha kalori 330 hadi 500 kwa siku, kwa hiyo asikate chakula ili apungue haraka. Aongeze kunde na karanga, asiongeze uji.

Na kama lazima uji uwepo, maana bibi amekwisha kuweka sufuria? Tengeneza unga wake peke yake: uwele kilo moja, mtama kilo moja, soya robo kilo iliyochemshwa dakika 20 hadi 30 na kukaushwa vizuri. Pika mzito kwa vijiko vitatu vya chakula, kikombe kimoja, bila sukari. Tia maziwa au kijiko cha karanga zilizotwangwa, na ladha itoke kwenye ukwaju au unga mweupe wa ubuyu. Ubuyu mwekundu wa kumung'unya hauhesabiki. Huo umevikwa sukari. Uji huo unywewe pamoja na yai, kisha mama atembee dakika 10 hadi 15 na mtoto mgongoni. Misuli inayofanya kazi baada ya kula huchukua sukari kwenye damu papo hapo.

Mwenye mashine ya kupimia sukari nyumbani asituamini sisi, apime. Apime kabla ya kula, na tena saa mbili baada ya tonge la kwanza: asubuhi moja kwa uji wa lishe, asubuhi nyingine kwa ugali wa uwele na mlenda. Saa mbili baada ya kula tunataka kuona chini ya 7.8 (namba zote hapa ni za mmol/L, kizio cha sukari kwenye damu). Kabla ya kupima aoshe mikono kwa maji na sabuni na kuikausha. Mkono uliotoka kumenya au kuchuma zabibu hutoa namba ya uongo, na kufuta kwa spiriti pekee hakutoshi. Vitepe vingi vya kupimia huhitaji kukaa chini ya nyuzi 30, kopo limefungwa. Kuviacha kwenye gari au juu ya kabati la bati kunaviharibu. Upungufu mkubwa wa damu baada ya kujifungua nao unaweza kuifanya mashine isome juu kuliko ukweli.

Mashine ya nyumbani haitoi hukumu. Hukumu hutolewa na kipimo cha kunywa glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Hudhurio la siku ya 42 linaangukia karibu na chanjo ya mtoto ya wiki sita, hivyo safari moja inaweza kukidhi yote mawili, ila mama akumbushe mwenyewe kwamba alikuwa na kisukari cha mimba na aombe iandikwe kwenye kadi. Kabla ya kula, 7.0 au zaidi ni kisukari. Saa mbili baada ya glukosi, 11.1 au zaidi ni kisukari, na kati ya 7.8 na 11.0 ni onyo. Majibu yakiwa safi, kipimo kirudiwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, na mapema kabisa mimba nyingine ikitungwa.

Siku tatu kabla ya kipimo hicho ale ugali wake kama kawaida. Anayejinyima wanga ili majibu yapendeze huishia na namba zilizopotoka, mara nyingi kwa kupanda. Usiku wa mwisho akae bila kula kwa muda wa saa nane kabla ya kipimo, anywe maji tu, na mtoto aendelee kunyonya kama kawaida.